Filamu ya Kutisha Inamnyooshea Nani Kidole?

Watu wengi wanapozungumzia filamu za kutisha huuliza swali moja tu: inatisha au haitishi? Mimi si mtaalamu wa sinema; ni mtazamaji wa kawaida wa hapa Mwanza ambaye jioni, kazi zikiisha, huangalia kinachopatikana, iwe kwenye televisheni, kwenye simu au kwenye kibanda cha video cha mtaani. Hata hivyo, kadiri ninavyozitazama filamu hizi ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kumshtua mtu ni kazi nyepesi. Mlango ukibamizwa ghafla na spika zikafunguliwa hadi mwisho, kila aliyemo chumbani ataruka, na mruko huo hauthibitishi lolote kuhusu ubora wa filamu. Swali ninaloliona lina uzito zaidi ni kwamba, filamu ikishatutia hofu, hofu hiyo inamwangukia nani? Kila filamu ya aina hii humtafuta adui, na kumchagua adui ni uamuzi ambao mwenye filamu anapaswa kuuwajibikia mbele ya watazamaji wake. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa jambo hili si la burudani peke yake, kwa sababu hapa kwetu watu wameuawa kutokana na hofu iliyoelekezwa kwa wasiostahili.

Kabla ya kufika huko, ni vyema kueleza hofu yenyewe inavyojengwa. Alfred Hitchcock, mwongozaji Mwingereza aliyefanya sehemu kubwa ya kazi zake Marekani, alimweleza Mfaransa François Truffaut, katika mazungumzo yao ya mwaka 1962, tofauti iliyopo kati ya mshtuko na taharuki. Watu wameketi mezani wanazungumza, na chini ya meza kuna bomu. Ikiwa mtazamaji hana habari za bomu hilo, likilipuka atashtuka kwa sekunde 15. Ikiwa ameonyeshwa bomu tangu mwanzo, huku saa ikisogea, mazungumzo yale yale ya kawaida yatamnyima raha kwa dakika 15, kwa sababu anajua jambo ambalo waliokaa mezani hawalijui. Nimeipima kanuni hii kwenye filamu nyingi na sijaona inaposhindwa. Filamu zinazonibakia akilini kwa siku kadhaa ni zile zilizonikabidhi siri mapema kisha zikaniacha niteseke nayo.

Kanuni ya pili inafanana na hiyo: adui asiyeonekana huogopesha kuliko anayeonekana. Mfano unaotajwa sana ni Jaws ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Steven Spielberg. Papa wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, hivyo ikabidi mwongozaji apige picha za maji yenyewe, miguu ya waogeleaji na maboya yanayovutwa, huku muziki wa John Williams ukirudia noti mbili. Zaidi ya saa nzima inapita kabla papa hajaonekana vizuri. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa kwa nini ufundi huo unafanya kazi. Mama anayeteka maji ufukweni hamwogopi mamba anayeota jua juu ya mwamba, kwa kuwa huyo ameshajulikana alipo; anachokiogopa ni maji yaliyotulia karibu na matete, na ndiyo maana huchota upesi huku macho yake yakiwa kwenye maji wala si kwenye ndoo.

Anayetaka kuziona kanuni hizi zikifanya kazi aingie kwenye kibanda cha video Igoma au Mabatini siku inapowekwa filamu ya kutisha iliyotafsiriwa. Pazia zito limeziba mlango, watu wamebanana kwenye mabenchi, na joto la mabati linashuka vichwani. Steringi anapoushika mlango, sauti zinapanda kutoka mbele hadi nyuma: "Usifungue! Yuko humo!" Hakuna anayewaza kwamba steringi hasikii. Mtafsiri naye, katika sanaa ile ambayo Lufufu na waliomfuata waliifanya ipendwe nchi nzima, anaongeza lake juu ya picha: anamwita dada wa kwenye filamu kwa jina la Kiswahili, anamhurumia, anatuambia kwamba masikini hajui kinachomsubiri. Wapo wanaodai kwamba mtafsiri huharibu filamu, lakini mimi naona mara nyingi huitia nguvu, kwa kuwa anatuonyesha bomu lililo chini ya meza hata pale ambapo mwongozaji alisahau kutuonyesha.

Hata hivyo, upo mpaka. A Quiet Place ya mwaka 2018 inahusu familia inayoishi bila kutoa sauti kwa sababu viumbe vinavyowawinda binadamu huongozwa na usikivu, na kimya ndicho kilichoibeba filamu nzima. Ikitafsiriwa na mtu asiyenyamaza, inageuka filamu nyingine kabisa, iliyo dhaifu zaidi. Mtafsiri hodari anapaswa kujua wakati wa kunyamaza, kama mpiga ngoma anavyojua wakati wa kuinua mikono. Na kwa kuwa nimeshaingia kibandani, niseme pia kwamba mabenchi ya mbele hujaa watoto wa shule ya msingi, wakati Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa umri wa watazamaji kwa sababu zilizo wazi. Wenye vibanda wanaijua mipaka hiyo na wanapaswa kuiheshimu.

Sasa nirudi kwenye kidole. Katika Jaws, ukiitazama kwa utulivu, mwenye hatia kubwa ni meya wa mji, anayekataa kuufunga ufukwe kwa kuogopa kupoteza biashara ya msimu wa likizo wakati ameshaelezwa kwamba watu watakufa. Lakini watazamaji walitoka ukumbini wakimchukia papa. Peter Benchley, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hiyo, alitumia miaka mingi ya maisha yake, hadi alipofariki mwaka 2006, akiwatetea papa dhidi ya picha aliyosaidia kuijenga, na mwaka 2022 Spielberg mwenyewe alisema kwenye redio ya BBC kwamba anasikitishwa na kupungua kwa papa baada ya filamu yake. Wanaume wawili waliofanikiwa kuliko wengi katika fani hii walikiri kwamba hofu haikubaki kwenye skrini. Ilitoka ukumbini, ikaenda baharini ikamtafuta mnyama halisi. Anayesema kwamba filamu ni filamu tu anapaswa kuutafakari ushahidi huo.

Mfano wa upande wa pili ni Get Out ya Jordan Peele, iliyotoka mwaka 2017 na kumpatia mwaka uliofuata tuzo ya Oscar ya mswada asilia, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Kijana mweusi anakwenda kuwatembelea wazazi wa mpenzi wake mzungu, na wazazi hao wanampokea kwa ukarimu mkubwa. Hofu yote inatoka kwenye ukarimu huo, kwenye nyumba nzuri, kwenye vikombe vya chai na maswali ya upole. Filamu hiyo ina jambo moja linalotugusa sisi moja kwa moja. Mwanzoni, miti ya barabarani ikipita kwa kasi, unasikika wimbo uliotungwa na Michael Abels uitwao "Sikiliza kwa Wahenga", ulioimbwa kwa Kiswahili, unaomwonya ndugu akimbie kuokoa nafsi yake. Kijana wa kwenye filamu hausikii wimbo huo, na watazamaji wengi wa Marekani waliusikia kama sauti za kutia baridi tu. Mtazamaji wa Kirumba ameshaonywa. Kwake yeye bomu limeonyeshwa chini ya meza wakati filamu ndiyo kwanza inaanza, na kila tabasamu la wenyeji wale linamuumiza tangu mwanzo. Peele aliinyanyua hofu kutoka kwa maskini na watu wa pembezoni, ambako sinema imezoea kuiweka, akaipeleka kwa wenye nguvu na mali.

Ninaiheshimu vilevile His House ya Remi Weekes, ya mwaka 2020. Bol na Rial, mume na mke waliokimbia vita Sudan Kusini, wanapewa nyumba chakavu Uingereza, na ndani ya kuta za nyumba hiyo kuna waliozama baharini safarini. Sitasimulia mwisho wake, kwa sababu ni filamu ya kutazamwa bila kuambiwa. Nitasema tu kwamba kidole hakimwelekei mzimu. Kinamwelekea mtu na jambo alilolitenda ili aokoke, na swali hilo ni zito kuliko mzimu wowote. Watu wa ziwa hili, ambao bado wanaikumbuka MV Bukoba ya mwaka 1996 na MV Nyerere ya mwaka 2018, hawawezi kuitazama kwa wepesi, na sidhani kama inapaswa kutazamwa hivyo.

Sisi wa Mwanza tuna sababu ya ziada ya kulifikiria suala hili, kwa maana tumewahi kuwa upande wa pili wa kamera. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya matukio halisi iliyopigwa hapa Mwanza kuhusu biashara ya sangara, ambayo iliteuliwa kuwania Oscar. Haikuitwa filamu ya kutisha, lakini ilitumia zana za filamu za kutisha: kivuli cha ndege kinachoteleza juu ya maji, mlinzi wa usiku mwenye mishale ya sumu, mabaki ya samaki yaliyojaa funza, na swali lililoachwa likining'inia kuhusu shehena zilizoletwa na ndege zilizokuja kuchukua minofu. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, na hapa mjini watu waliandamana kuipinga. Umaskini ulioonyeshwa ulikuwepo, na mapanki, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa, yaliliwa kweli. Sioni faida ya kuyakanusha hayo. Kilichowauma watu, kwa maoni yangu, ni kuona mji wao mzima, wenye walimu, mafundi, wachuuzi na watoto wanaokwenda shule, ukigeuzwa kuwa pango la zimwi katika hadithi ambayo hawakuulizwa. Aliyewahi kufanyiwa hivyo anapaswa kuwa wa kwanza kujizuia asimfanyie mwingine.

Hapo ndipo filamu zetu zinaponihuzunisha. Filamu za kutisha za Kiswahili zilipata nguvu miaka ya mwanzo ya 2000, Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na baadaye Shumileta, na heshima yake ni kubwa, kwa sababu alithibitisha kwamba mtazamaji wa Kitanzania anataka kuogopa mambo ya kwao, kwa lugha yao, bila kusubiri mzimu wa kutoka Marekani. Lakini nyingi zilizofuata zimejikita kwenye hadithi moja. Kijana anafanikiwa mjini, kisha anaanza kuugua au biashara yake inaporomoka. Familia inakwenda kwa mganga, ramli inapigwa, na mchawi anatajwa. Anapotokea kwenye skrini ni bibi kizee mwenye kaniki iliyochakaa, anaishi peke yake, nyumba yake haina hata dirisha, na kamera inamsogelea mpaka macho yake mekundu yanajaa skrini nzima huku muziki ukipanda. Mwishoni anapigwa, anachomwa au anaanguka mwenyewe akafa, na kijiji kinashangilia.

Macho hayo mekundu ndiyo yanayonikosesha usingizi, wala si kwa namna aliyoikusudia mwongozaji. Katika wilaya za Usukumani ambako miti imekwisha, akina mama wamepika kwa miaka 40 au 50 kwa kuni mbichi, mabua ya mtama na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, ndani ya jiko lisilo na mahali pa kutokea moshi. Macho yanawasha, yanatoa machozi, yanavimba, na hatimaye yanabaki mekundu. Ni alama ya kazi ya kulisha familia. Na kwa alama hiyo hiyo, katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu, Geita na Tabora, vikongwe wengi wameshukiwa uchawi na kukatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao. Kosa hilo hilo la kumtafuta wa kulaumiwa kwa ramli, na lile la kutafuta utajiri kwa viungo vya binadamu, liliwaangamiza watu wenye ualbino katika kanda hii, hadi Januari 2015 Serikali ilipopiga marufuku waganga wapiga ramli. Sidai kwamba filamu ndizo zilizoleta mauaji hayo, kwa kuwa yalikuwepo kabla ya video kufika vijijini. Ninachosema ni kwamba mwongozaji anayeyaweka macho mekundu ya bibi mbele ya kamera kama ushahidi wa uchawi anarudia hukumu ile ile ya mpiga ramli, tena mbele ya mabenchi yaliyojaa watoto, na anailipia muziki ili iwaingie vizuri.

Nitajibiwa kwamba uchawi umo katika hadithi zetu tangu kale, na kwamba bibi mwenye hila ni mhusika wa jadi. Ni kweli. Wasukuma husimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi, ambaye alimzaa Masala Kulangwa. Mtoto huyo alipokua alitoka kulitafuta zimwi, na kila alipomuua kiumbe fulani alimletea mama yake na kumuuliza kama ndiye Shing'weng'we. Mama alijibu kuwa siye, na msikilizaji alizidi kuingiwa na hofu kwa kufikiria ukubwa wa lile lililobaki. Hakuna mwongozaji anayeweza kunifundisha taharuki bora kuliko hiyo. Wasimulizi wengine huongeza kwamba Masala Kulangwa alipolipasua zimwi alimkata sikio bibi mmoja kwa bahati mbaya, na bibi huyo akamwekea kinyongo. Basi hata humo bibi yumo. Lakini angalieni alivyowekwa: ana sababu, ameumizwa, na ni mmoja wa waliookolewa. Zimwi ni lile linalomeza kila mtu bila kubagua. Wahenga walitofautisha kati ya mtu mwenye kinyongo na zimwi, na filamu zetu zimeshindwa kuifuata tofauti hiyo.

Hadithi inayopaswa kupigwa picha iko wazi kwa yeyote anayezifahamu kesi za vijijini. Nyuma ya tuhuma nyingi za uchawi dhidi ya wajane kuna shamba. Mume amefariki, mjane amebaki na ekari kadhaa, na mtoto wa shemeji anaona kwamba bibi huyu anachelewa kufa. Mganga anafuatwa, fedha zinatolewa, na ramli inasema kile kilicholipiwa. Filamu ianzie hapo, kwenye kibanda cha mganga, tumwone kijana akihesabu noti na tusikie jina likitajwa. Kisha kamera imrudie bibi nyumbani kwake na isimwache tena: anachambua mchicha, anampokea yule yule kijana aliyekuja kumjulia hali, kijana anamwamkia shikamoo kwa adabu, naye bibi anaitikia marahaba na kumkaribisha ugali na dagaa. Kila neno la upole kati ya wawili hao litakuwa bomu chini ya meza. Macho yake mekundu tutayaona kwa karibu akiwa anapuliza moto, na tutajua yametoka wapi bila mtu yeyote kutuhubiria. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopata tuzo Venice mwaka 2013, ilikwisha kuonyesha njia hiyo ilipoiweka kamera pamoja na kijana mwenye ualbino anayewindwa badala ya kumtazama kwa mbali.

Ziwa lenyewe nalo lina filamu za kusisimua ambazo hazijaguswa. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wakiwasha taa zinazowavuta dagaa kwenye wavu, na taa hizo hizo huwaonyesha maharamia mahali mtumbwi ulipo. Mtumbwi usiojulikana unasogea, na wavuvi hawajui kama ni wenzao wanaotaka moto wa sigara au ni watu wanaotaka injini na nyavu. Hapo hakuna jini linalohitajika. Na anayenunua injini ya wizi nchi kavu, mtu mwenye duka na heshima zake, ndiye adui ambaye kamera ingemfikia polepole.

Nimesikia mara nyingi kwamba gharama ndiyo inayowazuia watu wetu. Paranormal Activity ya mwaka 2007 ilipigwa ndani ya nyumba ya mwongozaji wake, Oren Peli, kwa takriban dola 15,000, na mambo mengi yanayotisha humo ni mlango unaosogea na kishindo ghorofani. Hadithi ya bibi na shamba lake inahitaji nyumba moja, mwigizaji mmoja mwenye umri na uwezo, na mwandishi mvumilivu wa kuiacha siri itende kazi. Ikitengenezwa, ningependa ionyeshwe kwanza Magu, Kwimba na Misungwi kabla ya kupelekwa Dar es Salaam, pasipo mtafsiri, kwa Kisukuma na Kiswahili kama watu wanavyozungumza, mbele ya watazamaji wanaomfahamu bibi huyo kwa jina na wanaojua nani analitamani shamba lake.